Kidonge cha kuacha pombe kimo mkobani, na msimu wa sherehe uko mlangoni

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 38, mke na mama wa watoto wawili, na nina biashara ya keteringi hapa Dar es Salaam. Siku za kazi napeleka chakula cha mchana kwenye ofisi tatu, wikiendi ni harusi, sendofu na kicheni pati. Nakunywa kila usiku watoto wakishalala, kachupa ka pombe kali kale ka mililita 250, namimina kwenye kikombe cha chai ili mtu asishtuke. Asubuhi mikono inatetemeka mpaka nizimue kwa funda moja. Kwaresma iliyopita niliacha ghafla. Siku ya pili nikaanguka jikoni, dada wa kazi akasema nilikakamaa, nikatikisika na kutoa povu. Tukasema ni uchovu na kufunga. Sasa daktari mmoja ameniandikia kidonge cha kuacha pombe, naltreksoni ya miligramu 50, kimoja kwa siku. Boksi limo mkobani wiki ya pili, sijalifungua. Desemba nina sherehe tisa, ya kwanza tarehe 5, siwezi kulala hospitali. Je, kitanilegeza? Lazima niache pombe kwanza? Lazima mume wangu ajue? Kaka yangu anasema niachane nacho, atanitafutia ile dawa ya kuchanganywa kwenye chakula, inayomtapisha mlevi. Dawa nyingine situmii, isipokuwa kapsuli za mgongo ninazonunua duka la dawa, tramadoli, mbili kwa siku tangu mwaka jana, kwa sababu ya kunyanyua masufuria. — Mpishi

JIBU: Marahaba, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani nitajibu swali la kidonge na ratiba, jibu la nusu ukurasa. Nilipofika mstari wa mwisho, kwenye lile "isipokuwa" lako, nikarudi mwanzo.

Nikuombe mambo mawili kabla hujaendelea kusoma. Boksi la naltreksoni liache lilivyo, usimeze hata nusu. Na pombe usiikate ghafla usiku wa leo wala kesho, iwe kwa hasira au kwa nadhiri. Najua nasikika kama mtu asiyetaka uache. Nataka uache, tena kabla ya Desemba. Ila kwa hali uliyonieleza kuna cha kutangulia na cha kufuata, na ukivigeuza utajikuta kwenye machela.

Nianze na mgongo. Tramadoli ni ya ukoo mmoja na morfini na kodeini, ingawa mitaani imezoeleka kana kwamba ni ndugu yake panadoli. Kwenye ubongo kuna sehemu zinazopokea dawa za ukoo huo, tuziite vitasa. Tramadoli ni ufunguo unaoingia na kuzunguka. Naltreksoni ni ufunguo unaoingia, unakaa, hauzunguki, wala haumpishi mwingine. Wewe umekaa karibu mwaka na ule ufunguo wa kwanza ndani. Siku utakayomeza naltreksoni itaung'oa kwa mpigo, na muda si mrefu utaingia kwenye kile ambacho vijana wa maskani wanakiita arosto: jasho, kutapika, kuharisha, malaika kusimama, mifupa kuuma kama imepondwa. Inaweza kukushika siku nzima na zaidi, na hakuna kidonge cha kuikatisha papo hapo. Fikiria hilo likukute Jumamosi asubuhi na pilau ya watu 300 iko mekoni.

Daktari aliyekuandikia hakukosea dawa. Nadhani hakupata habari yote. Mtu akiulizwa kama kuna dawa nyingine anatumia, mara nyingi hujibu hapana, maana kwake dawa ni ya presha au ya malaria, na kidonge cha mgongo ni kidonge cha mgongo tu. Nimeshaona hili mara nyingi kiasi kwamba siku hizi siulizi swali hilo. Naomba mgonjwa amwage mkoba mezani. Kwa hiyo rudi kwake na pakiti lenyewe mkononi. Utaratibu ni kukaa siku saba mpaka kumi bila dawa yoyote ya ukoo huo, zikiwemo dawa za kikohozi zenye kodeini, ndipo kidonge cha kwanza cha naltreksoni kimezwe. Na kwa mtu aliyemeza kila siku tangu mwaka jana, tramadoli nayo haiachwi kwa mkupuo. Inashushwa taratibu, daktari akihesabu.

Sasa tuje jikoni, Kwaresma iliyopita. Kule hakukuwa na uchovu. Ulianguka kifafa cha kuacha pombe.

Lori lililobeba tani thelathini likishuka mlima Kitonga, dereva anashuka na breki. Pombe ni breki ya ubongo. Ukiikanyaga kila usiku kwa miaka, ubongo nao haukubali kuzimwa. Unajibu kwa kukanyaga mafuta ili uendelee kwenda. Mwisho wake viwili hivyo vinasawazishana, na wewe unaonekana mzima: unapika, unahesabu sahani, unagombana na dereva wa bajaji. Siku unapoondoa pombe ghafla, breki imetoka lakini mguu bado uko kwenye mafuta. Saa sita mpaka kumi na mbili baada ya funda la mwisho mikono inaanza kutetemeka, jasho linatoka, moyo unakimbia. Hiyo ndiyo asubuhi yako ya kila siku, na ndiyo maana funda moja linaituliza. Kifafa, kikija, mara nyingi huja kati ya saa ya sita na ya arobaini na nane. Siku ya pili, kama ulivyosema. Baada ya hapo, kuanzia siku ya pili kuelekea ya nne, wapo wanaoingia kwenye kuweweseka: wanaona wadudu ukutani, hawajui wako wapi, joto linapanda, presha inapanda. Hali hiyo inaweza kumuua mtu asipotibiwa. Watu wa nyumbani husema amerogwa, wanapoteza siku mbili wakitafuta mtaalamu wa aina nyingine.

Na tramadoli imo hapo pia. Yenyewe peke yake inaweza kuleta kifafa kwa baadhi ya watu, na kwa mtu anayekata pombe hatari inaongezeka. Siwezi kukuambia siku ile ni kipi kilikuangusha zaidi. Ninachokuambia ni kwamba aliyewahi kuanguka mara moja kwa kuacha ghafla yuko karibu zaidi na kuanguka tena, na kila jaribio la kienyeji linaweza kuja na shari kuliko lililotangulia.

Ndiyo maana kwenye swali la hospitali sitakubaliana na wewe. Mtu asiye na historia ya kifafa, asiyetetemeka sana, mwenye mtu mzima wa kumwangalia, anaweza kuachishwa pombe akiwa nyumbani huku akionwa kliniki kila siku. Wewe haumo kwenye kundi hilo. Unahitaji kitanda kwa siku tano hadi saba. Huko utapewa diazepamu au dawa ya jamii yake: kipimo kikubwa siku ya kwanza na ya pili, kisha kinashushwa kila siku mpaka kinaisha, yaani mguu unaondolewa kwenye mafuta polepole. Dawa hiyo usiinunue mwenyewe. Ikichanganywa na pombe na tramadoli inaweza kumlaza mtu usingizi ambao pumzi nayo inalala.

Utapewa pia thiamini, yaani vitamini B1, na kwa mtu wa hali yako hutolewa kwa sindano. Hapa nikwambie jambo la kwetu. Mnywaji akizidiwa, ndugu wanakimbilia dripu, na ile dripu mara nyingi ni ya sukari. Ubongo hauwezi kuitumia sukari bila thiamini, na mnywaji wa kila siku thiamini yake imekauka. Sukari ikimwagwa kwanza, anaweza kuchanganyikiwa, macho yakacheza, mwendo ukapepesuka, na kumbukumbu ikaharibika moja kwa moja. Basi popote utakapowekewa dripu, wewe au anayekusindikiza aseme wazi: huyu anakunywa kila siku, ameshapata thiamini?

Huko huko watakupima ini, figo, damu, na homa ya ini aina B. Ini ni kwa ajili ya naltreksoni, maana ini lililochoka kabisa au lililovimba vibaya haliruhusu dawa hiyo. Kipimo cha ujauzito nacho usikikatae. Una miaka 38 na hukuandika kama unazuia uzazi.

Wapi? Una Muhimbili, na hospitali za rufaa za Amana, Temeke na Mwananyamala zina huduma ya afya ya akili. Unaogopa kuonekana kwenye benchi la kliniki hiyo, na sikulaumu. Nitakuambia tu kwamba anayekuona pale, naye yuko pale. Kuhusu ofisi tatu unazozilisha, huwadai maelezo wala hawakudai. Mwenye mwajiri angepewa ED, ile karatasi ya hospitali ya kupumzika kazi, na kwenye ED si lazima iandikwe kwamba ni pombe. Wewe mwajiri ni wewe. Tafuta wiki ambayo msaidizi wako anaweza kusimamia wali na maharage bila wewe, na nadhani wiki hiyo ipo. Umelala hospitali kwa uzazi mara mbili na wateja hawakufa njaa.

Leo ni katikati ya Oktoba. Wiki hii onana na daktari wako na pakiti la tramadoli. Wiki ijayo au inayofuata, kitanda, Jumatatu hadi Jumamosi. Wakati huo huo tramadoli inaanza kushuka, na kasi yake ni ya daktari, kwa sababu mwaka ni muda mrefu. Ikiisha, unahesabu zile siku saba hadi kumi ukiwa mkavu. Naltreksoni inaangukia katikati au mwisho wa Novemba. Tarehe 5 Desemba utakuwa nayo mwilini, au umebakiza siku chache. Imebana, lakini inawezekana.

Pengo hilo la wiki kadhaa, pombe imetoka na naltreksoni bado, ndilo linalonitia wasiwasi kuliko hospitali. Kuna dawa ya kuulizia: akamprosati. Imetumika Ufaransa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, haigombani na tramadoli hata kidogo, na inaanzwa mara mtu anapokata pombe. Kazi yake ni kutuliza ile hali ya kutotulia, kukosa usingizi na kuwashwa rohoni inayobaki baada ya kuacha. Haipiti kwenye ini, inatoka kwa figo, ndiyo maana figo zinapimwa. Kero yake ni hesabu: vidonge viwili mara tatu kwa siku, sita kwa jumla. Kwa mtu mwenye shughuli nyingi hiyo ni adhabu, lakini siku yako ina misumari mitatu iliyokwisha kupigiliwa: unapopakia hotipoti asubuhi, unaporudi kutoka ofisi ya tatu, na chakula cha jioni cha watoto. Tumbo linaweza kuharisha siku za mwanzo. Kabla hujaandikiwa, piga simu kwenye maduka makubwa ya dawa mjini, kwa sababu haipatikani kila mahali. Hata naltreksoni, usianze dawa ambayo hujajua mwezi ujao utaipata wapi na kwa bei gani. Shirika la Afya Duniani liliziingiza zote mbili kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023, ila orodha ni kitu kimoja na rafu ya duka ni kitu kingine.

Sasa naltreksoni yenyewe, maana ndiyo uliyoniuliza. Mtu anapokunywa, ubongo unajimwagia kemikali zake wenyewe za raha, na zile zinazunguka kwenye vitasa vile vile nilivyovitaja juu. Ndiyo ile "ahh" ya funda la kwanza, na ndiyo inayoita la pili. Naltreksoni ikishakaa kwenye kitasa, pombe inaingia tumboni kama kawaida lakini ile sherehe ya ndani haifanyiki. Wagonjwa wangu wananieleza kwa namna tofauti. Mmoja aliniambia bia imekuwa kama soda iliyoachwa wazi. Haikutapishi ukinywa. Wala haikuzuii kulewa: ukinywa kachupa kazima utalewa, utapepesuka, na usukani si wako. Inachopunguza ni ule mwito.

Kwa hiyo, je, lazima uache kwanza? Kwa naltreksoni peke yake, hapana. Wapo wanaoianza huku bado wanakunywa, na inawasaidia kupunguza. Sharti la kuachishwa kwanza kwako linatokana na mtetemo na kile kifafa. Hebu tuipime hiyo mililita 250. Pombe kali ya asilimia 35 ikijaa kwenye kachupa hako ina gramu 70 hivi za pombe halisi, sawa na bia kubwa tatu na nusu za nusu lita. Kila usiku, bila Jumapili ya mapumziko. Kikombe cha chai hakiipunguzi.

Utalegea? Wengi hawalegei kiasi cha kulala kazini. Kinachosumbua zaidi ni kichefuchefu, siku tano mpaka kumi za mwanzo, pamoja na kichwa kuuma, kizunguzungu kidogo, na usingizi kuja kwa wingi au kukataa kabisa. Kwa karani wa benki hiyo ni kero. Kwa mpishi ni jambo zito, maana kazi yako ni kuonja, na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa alfajiri juu ya tumbo lenye kichefuchefu si mzaha. Basi zungumza na daktari uanze na nusu kidonge, miligramu 25, siku chache, ndipo uende kwenye kizima. Usimeze tumbo likiwa tupu. Na saa yako isiwe asubuhi. Kiu yako inakuja saa tatu usiku, watoto wakilala. Dawa inafika kileleni kama saa moja baada ya kuimeza na inabaki mwilini zaidi ya siku nzima. Meza wakati wa chakula cha jioni na watoto, saa moja na nusu. Ikikunyima usingizi, ihamishie mchana baada ya kula. Siku tatu za mwanzo usiendeshe gari la mizigo mpaka ujue inakufanyaje. Ukisahau siku moja, kesho yake meza kimoja tu, usirudishe deni.

Haina uraibu. Siku ukiiacha haina arosto. Wengi wanaitumia miezi sita, wengine mwaka na zaidi, na ini linapimwa kila baada ya muda. Mkojo ukiwa kama chai ya rangi, macho yakageuka ya njano, au maumivu makali upande wa kulia chini ya mbavu, simamisha dawa na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna tahadhari moja ambayo kwako ni ya lazima kuliko kwa wagonjwa wangu wengi. Unafanya kazi na mafuta ya moto. Ukiungua vibaya ukiwa kwenye naltreksoni, morfini au pethidini watakayokuchoma haitashika ipasavyo, kwa sababu vitasa vimejaa. Madaktari wana njia nyingine za kuua maumivu, lakini lazima wajue. Andika karatasi ndogo, "natumia naltreksoni", weka nyuma ya kitambulisho chako cha NIDA, na msaidizi wako mmoja ajue ilipo. Ukipangiwa upasuaji, dawa inasimamishwa siku kama tatu kabla. Na baada ya kuiacha usirudie tramadoli kwa kipimo ulichozoea, maana mwili utakuwa umeshasahau kuibeba.

Mgongo wenyewe hautangoja haya yote yaishe. Diklofenaki na tumbo la mnywaji haviivani, vinaweza kutoboa vidonda. Parasetamoli ina kipimo chake kwa ini lililochoka. Muulize daktari zote mbili, uombe pia mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Nikwambie kama ndugu: sufuria la kilo arobaini ni la watu wawili. Kama bei ya sahani haitoshi kulipa kijana wa pili wa kunyanyua, bei ndiyo yenye kasoro.

Kuhusu ile ya kaka yako. Hiyo ni disulfiramu, na ina kisa kirefu: mwishoni mwa miaka ya 1940 watafiti wa Denmark, Jens Hald na Erik Jacobsen, walikuwa wanaichunguza kama dawa ya minyoo, wakaijaribu wenyewe, wakagundua kwamba wakionja pombe wanaugua. Inazuia mwili kumalizia kuivunja pombe, sumu ya katikati inajaa: uso unawaka, moyo unapiga mbio, unatapika, presha inaporomoka. Kwa anayeichukua kwa hiari yake, anayesimamiwa na mtu anayempenda, ni dawa halali na wapo iliowasaidia sana. Kumchanganyia mtu kwenye mchuzi bila yeye kujua ni kumtegea. Akinywa siku hiyo, na moyo wake una hitilafu ambayo hakuna aliyeipima, mnaweza kwenda kuzika. Hata ukiikubali mwenyewe, itazame kazi yako: mchuzi uliotiwa mvinyo, siki, rojo linalochachuka, vitakasa mikono vya pombe unavyojipaka mara ishirini kwa siku. Vyote hivyo vinaweza kuichokoza, na hatari hiyo inabaki mpaka wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho. Flajili nayo, ambayo kila nyumba inayo kwa ajili ya tumbo, haitakiwi kukutana nayo. Inaweza kumvuruga mtu akili. Mwambie kaka asante, na umpe kazi nyingine: akupeleke hospitali Jumatatu.

Nisikudanganye kuhusu nguvu ya kidonge. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba ukiwapa naltreksoni watu 12, mmoja zaidi anaepuka kurudi kwenye unywaji mzito, ukilinganisha na waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani. Inasikika kidogo, lakini dawa kadhaa tunazoziheshimu za presha na za moyo zinahitaji kupewa watu wengi zaidi ya hao ili mmoja afaidike. Na hapa kuna la kumfaa mtu asiye na nafasi: utafiti wa Marekani wa mwaka 2006, wenye washiriki 1,383, uliwapa baadhi yao naltreksoni pamoja na mahudhurio tisa tu kwa wiki 16, mengi ya dakika kama ishirini, ya kuulizwa umemezaje, umelalaje, umekunywa siku ngapi. Walifanya vizuri. Dakika ishirini ni muda unaoutumia kumngoja muuza kuku.

Mume. Sheria hainilazimishi kumwambia, wala wewe. Ila mtu mzima mmoja lazima ajue kwamba uliwahi kuanguka, na ajue la kufanya ukianguka tena: akulaze ubavu, asikutie kijiko mdomoni, akukimbize hospitali. Dada wa kazi ameshajua, tena siku nyingi. Ndiye anayeosha kile kikombe. Usimwachie mzigo huo binti wa watu peke yake. Kama mume ni mtu wa kelele, anza na dada yako au shoga unayemwamini. Kama ni mtu wa kusikia, mwambie mkiwa barabarani, wawili ndani ya gari, macho mbele. Mazungumzo mengi magumu nimeambiwa yalifanyika hivyo. Na huna haja ya kuanza na neno ulevi. Anza na jikoni: unakumbuka nilivyoanguka? Nimeambiwa ni nini.

Kwenye sherehe zenyewe, najua chupa zako zinatoka wapi, kwa sababu si wewe wa kwanza. Mwisho wa shughuli, kamati imechoka, MC ameondoka, kwenye kreti kumebaki chupa tatu nne, mtu anasema "mama wa chakula, hizo chukua." Kuanzia tarehe 5 vinywaji viwe na mtu wake, ahesabu na arudishe kwa mweka hazina wa kamati kabla hujaanza kufunga masufuria. Wewe uondoke na gari la kwanza la vyombo, msaidizi afunge. Wakisema gongeni glasi, gonga na maji. Na ukishikwa mkono na shangazi wa bwana harusi anayetaka unywe naye, sema "niko kwenye dozi." Kwetu hakuna mlango unaofungwa kwa heshima kuliko huo, hakuna anayeuliza dozi ya nini, na safari hii utakuwa unasema kweli.

Ukiteleza siku moja baada ya kuachishwa, endelea na kidonge, usikitupe, na mwambie daktari. Ukiteleza siku tatu nne mfululizo na mtetemo ukarudi, hapo usikate mwenyewe tena, rudi kitandani.

Hadi utakapoonana na daktari, usiongeze kiasi, usiruke siku, kula kabla ya kunywa, na tramadoli isizidi hizo mbili. Ukiona vitu ambavyo wengine hawavioni, ukitapika damu, choo kikawa cheusi kama lami, au mwili ukakakamaa tena, hiyo si siku ya kungoja miadi.

Niandikie ukitoka wodini, hata mistari miwili. Nataka kujua ini limesomeka vipi, na kama yule kijana wa pili wa kunyanyua sufuria amepatikana.